Namba sita akabidhiwa filimbi: uchambuzi wa kisa cha mchezaji aliyegeuka kocha Temeke

Mchezaji wa kisa hiki tutamwita Nahodha. Kisa chenyewe tumekifuma kwa mambo yanayojirudia kwenye timu za wanawake za Dar es Salaam, hivyo msomaji asitafute mtu mmoja wala klabu moja nyuma yake. Ni kiungo mkabaji, yaani namba sita, mzaliwa wa Temeke. Alianza mchangani akicheza na wavulana, akapita UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akasajiliwa Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, akacheza misimu sita. Goti likamtoa uwanjani akiwa na miaka 30. Muda si mrefu akakabidhiwa timu ya mabinti chini ya miaka 17: wachezaji 22, wawili kati yao makipa, mipira sita, koni kumi na mbili, na kiwanja cha mchanga chenye goli moja tu lenye nyavu.

Msimu wa kwanza timu ilicheza vibaya kuliko alivyoikuta, na yeye akakaribia kuacha. Msimu wa pili mambo yakageuka. Kwa kawaida watu husema amepata uzoefu, wakaishia hapo. Jibu hilo halimfai mwanamke mwingine atakayeshika filimbi wiki ijayo. Kilichobadilika kinaweza kuelezwa hatua kwa hatua, na kwa maoni yetu chanzo chake ni kimoja: ujuzi wa Nahodha ulikuwa umekaa mwilini na haujawahi kupita mdomoni. Alichokijua alikitenda bila kujua kwamba anakitenda, kwa hiyo hakuweza kumpa mtu mwingine.

Wala hilo si kosa lake. Rika lake lilikua bila ligi. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika Kusini, miaka sita kabla nchi haijawa na ligi kuu ya wanawake. Mataji ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, ya 2016 na 2018, na lile la COSAFA, la kusini mwa Afrika, la 2021, yaliletwa nyumbani na kizazi ambacho wengi wao walijifunza kwa kutazama kaka zao na kujaribu. Hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza kwa nini kiungo asimame hapa na asisimame pale. Walivumbua wenyewe, na walioshindwa kuvumbua waliachwa njiani. Kisha mahitaji yakaja kwa kasi. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, na mwaka huohuo Serengeti Girls, timu ya taifa ya mabinti, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India. Julai 2025 Twiga Stars walikuwa tena kwenye fainali hizo za Afrika, WAFCON, nchini Morocco. Mitaa mingi sasa inataka timu ya mabinti, na wa kwanza kugongewa mlango ni mchezaji mstaafu anayeishi jirani.

Goti

Tuanze na goti, kwa sababu ndilo lililoharakisha kila kitu, na baadaye likawa sehemu ya kazi yake.

Mara ya kwanza hakuguswa na mtu. Alikanyaga ili abadili mwelekeo, goti likaingia ndani, akasikia mlio. Kano iliyo katikati ya goti, ile madaktari wanayoiita ACL, ilikuwa imekatika. Wanawake wanaocheza soka huumia kano hii mara mbili hadi tatu ya wanaume, hata zaidi, na sababu ni nyingi kwa pamoja: misuli ya nyonga na ya nyuma ya paja isiyolingana na ile ya mbele, namna ya kutua baada ya kuruka, kukosa mazoezi ya nguvu tangu utotoni, viatu na viwanja vibovu.

Alifanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani baada ya miezi sita na nusu. Kigezo chake kilikuwa kwamba uvimbe umekwisha na anaweza kukimbia mbio za kunyooka. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mbio za kunyooka hazilipimi goti. Linapimwa na kugeuka, kutua na kusimama ghafla. Utafiti juu ya waliofanyiwa upasuaji huu umeonyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufika wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kabla ya kurudi, mguu ulioumia uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu ya ule mzima. Kipimo cha awali hakihitaji zaidi ya futi ya fundi: ruka kwa mguu mmoja, utue juu ya mguu huohuo, mara tatu kila upande. Mguu mzima ukifika sentimita 120, ulioumia ufike 108. Lakini kuruka peke yake hudanganya, kwa sababu nyonga na kifundo hufidia udhaifu wa paja, kwa hiyo mtaalamu wa viungo apime nguvu ya paja pia. Nahodha hakupimwa lolote kati ya hayo. Goti likakatika tena.

Tunalikazia hili kwa sababu alipoanza kufundisha alikuwa na mabinti wa miaka 14 hadi 16, umri ambao hatari hiyo huanza kupanda, na miezi yote ya mwanzo aliwapasha misuli kwa kuwazungusha kiwanja. Yaani mtu aliyepoteza kazi yake kwa goti hakuwa na zoezi hata moja la kulinda magoti ya wengine. Si kwamba hakujali. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba zoezi la namna hiyo lipo.

Lipo, na ni bure. Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi 15 kwa dakika 20 hivi: dakika 8 za mbio za polepole zenye kugeuka na kufungua nyonga, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, na dakika 2 za mbio za kasi zenye kukata kona. Inafanywa mara mbili kwa wiki au zaidi, mahali pa kupasha misuli, haiongezwi juu yake. Kinachoiharibu ni haraka. Mabinti huhesabu marudio badala ya kuangalia goti. Kocha asimame mbele ya mstari, aone goti limenyooka sambamba na vidole vya mguu kila mtu anapotua. Linaloingia ndani lisimamishwe palepale, zoezi lirudiwe kwa kuruka chini zaidi. Na zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, mwenzako akikushika vifundo, lianze na marudio matatu hadi matano. Ukianza na kumi, kesho yake nusu ya timu haitembei.

Miezi mitatu ya kupaza sauti

Ratiba ya mwanzo ilikuwa hivi: nusu saa ya mbio, kisha foleni ya kupiga golini, kisha mechi ya 11 kwa 11 mpaka giza.

Hebu tuihesabu foleni. Ukiwatoa makipa wanabaki 20. Kila mmoja akichukua sekunde 20 kupokea, kupiga na kupisha, mzunguko mmoja unakula sekunde 400, karibu dakika saba. Katika dakika 20 kila binti amepiga mpira mara tatu. Muda uliobaki amesimama, anapiga soga, misuli inapoa. Mipira mitano imelala pembeni.

Kwenye mechi ndiko kulikoumiza zaidi. Namba sita wake, binti wa miaka 15, alipokea mpira akiwa amewapa wapinzani mgongo, akageuka kwa kubahatisha, akanyang'anywa. Nahodha akapaza sauti: "Geuka! Tazama nyuma! Mtu huyo!" Sauti ilifika wakati uamuzi umeshafanyika. Baada ya wiki chache binti aliacha kabisa kutuliza mpira. Aliupiga mbele mara tu ulipomfikia, uende popote, ili kelele zisimjie yeye. Kwa mchezaji mwenye kipaji cha kiungo, hiyo ni hasara inayoweza kuchukua mwaka kurekebishwa.

Kelele za pembeni zinaweza kumkumbusha mchezaji jambo analolijua. Haziwezi kumfundisha jambo asilolijua. Nahodha aliamini anakumbusha.

Aliyegundua kilichokuwa kinakosekana ni msaidizi wake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwahi kucheza ligi. Alitafuta video ya simu ya mechi moja ya zamani ya Nahodha, wakaitazama pamoja, wakiisimamisha kila alipopokea mpira. Karibu kila mara, kabla pasi haijamfikia, shingo ilikuwa imegeuka mara mbili: mara ya kwanza mpira ukiwa bado kwa mpigaji, mara ya pili ukiwa njiani.

"Hapo unatazama nini, dada?"

"Hata sijui. Natazama tu."

Hapo ndipo siri ya misimu sita ilipokuwa. Alikuwa anageuka vizuri kwa sababu alishajua nani yuko nyuma yake na upande gani uko wazi. Mabinti walimwona akigeuka. Hakuna aliyeona shingo.

Zoezi jipya

Waliandika mazoezi upya kwenye daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa siku, dakika 90, kuanzia saa 10 alasiri hadi 11 na nusu. Dakika 20 za 11+, kisha dakika 20 za pasi kwenye viboksi, dakika 20 za zoezi la rangi, dakika 22 za mchezo mdogo, na 8 za kukaa chini na kuulizana.

Viboksi ni mraba wa mita 10, wanne nje na wawili ndani wanaokaba. Kwenye nyasi mita 10 zinatosha; kwenye mchanga mpira unakufa njiani, kwa hiyo waliupunguza hadi mita 8. Upepo wa mpira nao una maneno: sheria inaruhusu shinikizo la angahewa 0.6 hadi 1.1, na wengi huujaza mpaka uwe mgumu wakidhani utateleza. Kwenye mchanga wenye mashimo mpira wa namna hiyo unadunda hovyo, na mabinti wanaanza kuukwepa. Kati ya 0.7 na 0.8 ndipo ulipotulia.

Zoezi la rangi ndilo moyo wa mabadiliko, na tutalieleza lote. Wachezaji wanne kwa kundi. Mpigaji anasimama upande mmoja, mpokeaji katikati, na nyuma ya mpokeaji, mita 10 kutoka kwake, wawili wenye vizibao mkononi, mmoja wa njano na mmoja wa bluu, wameachana mita 6. Mpigaji anapojiandaa, mmoja wa wawili wale anainua kizibao. Mpokeaji lazima aite rangi kabla mpira haujamgusa, kisha aupokee kwa mguu wa mbali, mwili ukiwa umefunguka nusu, na ampasie mwenye rangi hiyo kwa miguso miwili. Baada ya mara sita wanabadilishana nafasi.

Siku ya kwanza zoezi hili hufeli, na hufeli kwa njia tatu. Ya kwanza: binti anaita rangi mpira ukiwa umeshamfika. Hapo umbali ni mfupi mno au mpigaji ana haraka. Msogeze mpigaji hadi mita 12 na mwambie asipige mpaka aone shingo ya mwenzake imegeuka. Ya pili: binti anakodoa nyuma muda wote, mpira unampita miguuni. Huyu ameelewa kutazama ila hajaelewa lini. Mfundishe kuchungulia mara mbili fupi, moja mpigaji anapogusa mpira, nyingine mpira ukiwa njiani. Ya tatu ni ujanja wa kitoto: wanapatana rangi kabla. Dawa yake ni kubadili kizibao baada ya pasi kutoka mguuni mwa mpigaji. Wakishazoea, wiki ya tatu, ongeza mkabaji mmoja anayetoka nyuma kwa kutembea, baadaye kwa kukimbia. Ukimleta mkabaji siku ya kwanza, binti atarudi kwenye hofu na kupiga mbele.

Mchezo mdogo ni watano kwa watano na mmoja wa kati anayecheza na timu yenye mpira, kwenye eneo la mita 35 kwa 25, vikundi viwili vikienda sambamba pale idadi inaporuhusu. Hapo Nahodha alijiwekea sharti gumu: kusimamisha mchezo mara tatu tu, kila mara kwa jambo lilelile la siku hiyo, na kuuliza badala ya kuamuru. "Kabla mpira haujakufikia, ulimwona nani?" Binti akisema "Sikumwona mtu, mwalimu," jibu limeshapatikana, wala hahitaji kufokewa. Mechi ya 11 kwa 11 ilibaki mara moja kwa wiki.

Ili wasijidanganye kwamba mambo yanakwenda, mchezaji majeruhi alipewa daftari siku za mechi. Safu tatu: mara ngapi namba sita amepokea, mara ngapi ametazama kabla, mara ngapi mpira umebaki kwetu. Kipimo hiki ni kigumu kukijaza ukiwa na watu wawili wa kuwafuatilia, kwa hiyo mfuatilie mmoja tu kwa kipindi kimoja. Matokeo ya mechi za mabinti yana bahati nyingi ndani yake, hasa pale kipa anapokuwa mfupi kuliko goli. Safu ya pili ilianza kupanda wiki kadhaa kabla ushindi haujaonekana, na bila daftari wangeachana na zoezi kabla halijazaa.

Mzazi, nauli na Magharibi

Sababu ya kumaliza saa 11 na nusu haikuwa ya kimpira. Jua la Dar huzama saa 12 na ushee. Binti akitoka uwanjani giza limeingia, akagombania daladala, akafika nyumbani baada ya sala ya Magharibi, mara ya tatu mzazi atamkataza, na atakuwa na haki. Msimu wa kwanza Nahodha alipoteza wachezaji wanne kwa njia hii, na alidhani wamekata tamaa.

Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwa na msaidizi wake. Mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko alivyoogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye mwalimu wa mpira. Nani anamsindikiza mwanangu akitoka huko?"

Swali lilikuwa hilo moja. Jibu likawa ratiba iliyoandikwa, namba ya simu ya msaidizi, na utaratibu wa kuondoka kwa makundi kulingana na mtaa, mkubwa wa kundi akituma ujumbe wakifika. Wazazi waliotaka binti zao wavae hijabu walielezwa kwamba sheria za mchezo zinaruhusu kufunika kichwa tangu 2014, mradi kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kibane kichwa, kisishonwe kwenye jezi na kisiwe na pini. Kwenye begi la huduma ya kwanza waliongeza taulo za kike, na kaptula nyeupe zikabadilishwa kuwa nyeusi. Mabadiliko ya kaptula hayakugharimu kitu kikubwa, lakini yalirudisha mahudhurio ya siku ambazo mabinti walikuwa wanasingizia homa.

Leseni na mkataba

Ngazi za leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanzia D, kisha C, B, A na Pro, na kwa kawaida hupandwa moja baada ya nyingine. TFF, shirikisho la soka Tanzania, ndiyo inayoendesha kozi nchini. Tangazo likitoka, siku za kuomba huwa chache, kwa hiyo nyaraka zikae tayari: kitambulisho cha taifa, picha ndogo, vyeti vya shule, barua ya klabu, cheti cha kozi iliyotangulia, na maelezo mafupi ya historia ya uchezaji. Nahodha alikosa kozi ya kwanza kwa kukosa barua ya klabu tu. Ndani ya kozi, wachezaji wa zamani hawababaishwi na mpira. Hubabaishwa na zoezi la vitendo, pale unapopewa mada na muda ukasimama mbele ya wakufunzi. Wengi huonyesha jinsi wao wanavyocheza. Mkufunzi anatafuta lengo moja, eneo lenye vipimo, na marekebisho yanayohusu lengo hilo. Mwenye daftari la mazoezi la miezi sita anaingia pale akiwa mbali mbele ya wenzake.

Kuhusu malipo, mwaka wa kwanza alifanya kazi kwa ahadi ya mdomo na posho isiyo na tarehe. Huku ndiko wanawake wengi wanakopotelea. Mkataba wa kocha wa vijana unaweza kuwa wa kurasa mbili: muda, kiasi na siku ya kulipwa, nani analipa nauli na kozi, nani anatunza vifaa, na nini kinatokea akipata mimba. Hili la mwisho lisionewe haya. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara wa mkataba, na mabadiliko ya 2024 yamewaingiza makocha pia. Hata klabu ndogo isiyofikiwa moja kwa moja na kanuni hizo inaweza kuziiga.

Tungekuwa na uwezo wa kurudisha nyuma kisa hiki, tusingemkabidhi timu nzima siku ya kwanza. Desiree Ellis alikuwa nahodha wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, akakaa msaidizi wa kocha wake Vera Pauw kabla ya kuwa kocha mkuu, na mwaka 2022 akaipa Afrika Kusini taji la WAFCON. Miaka ile ya usaidizi ina kazi yake: unatazama mtu mwingine akipanga, akikosea na kurekebisha, bila lawama za matokeo kukuangukia. Klabu za Dar zingewapa wachezaji wenye miaka 27 au 28 kikosi cha watoto mara moja kwa wiki wangali wakicheza, pamoja na nafasi ya kozi ya D, goti likifika mwisho kazi nyingine ingekuwa imeshaanza. Gharama yake ni nauli na mipira mitatu.

Kwa sasa Nahodha ana leseni ya D na ameomba C. Kinachomsumbua ni nani ataendesha mazoezi akiwa darasani. Msaidizi ana vipindi shuleni hadi saa 9 na nusu, na akichelewa daladala ratiba ya Magharibi inavunjika. Walichokubaliana ni kuandika kurasa za siku zote za kozi mapema, kuacha viboksi na zoezi la rangi kama vilivyo bila kuongeza kitu kipya, na kumlipia msaidizi bodaboda siku za mazoezi.